Mgongo Wangu na Kitufe cha "Chagua Faili"

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara. Watu wakubwa wote wanayo. Mafanikio yangu yakifika, wajukuu wasome wenyewe, wasisimuliwe na shemeji yangu.

Hali ilivyo ni hivi. Mke wangu ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndiyo karakana yetu: cherehani mbili, ovaloki moja ya kufunga kingo za kitambaa, yenye kelele, meza ya kukatia, na pembeni ya meza kompyuta kuukuu iliyofunikwa kitambaa isiingie nyuzi. Mimi ni Mkurugenzi wa Umaliziaji. Mke wangu anaita kupiga pasi. Tusigombanie maneno.

Leo kuna habari kubwa. Hospitali kuu inatafuta gauni jipya la wagonjwa waliolazwa, na fundi yeyote ruksa kushindana. Picha moja ya mbele, moja ya nyuma, na maelezo mafupi. Yote yatumwe kwenye tovuti yao, mwisho Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Mke wangu aliposikia ilibidi akae. Gauni analo! Amekuwa akilishona na kulifumua tangu mama yake alipolazwa. Nani asiyeyajua yale magauni ya hospitali? Mbele heshima, nyuma wazi. Mama mkwe, mtu wa staha zake, aliambiwa atembee kwenye korido kila asubuhi ili apate nguvu. Akakataa katakata. Alipolazimishwa akatembea ubavuubavu, mgongo ukutani, mkono mmoja umeshika nguo nyuma. Amepona ugonjwa, siku hizi anaishi nasi, lakini ile aibu haijapona. Mtu akitaja hospitali anaondoka sebuleni. Mke wangu aliapa kushona gauni ambalo mtu akilivaa anabaki kuwa mtu mzima.

Likikubaliwa, atashona ya wodi zote, hapahapa nyumbani. Likikataliwa, anarudi kiwanda cha sare kwa bosi wake wa zamani, kushona mifuko ya suruali. Mifuko tu. Wa kushoto, wa kulia, wa kushoto, wa kulia, mpaka jioni. Bosi anataka jibu mwisho wa wiki ijayo.

Basi akasema atamwita kaka yake aje atume hizo picha. Ebo! Kaka yake wa nini, na mwanamume yumo ndani? Shemeji anafanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi ya maji. Ana kitambulisho cha kuning'iniza shingoni kwa kamba na hakivui hata Jumapili. Nimembatiza Kamba. Nikamwambia mke wangu kazi hii aniachie mimi. Akaitazama pasi, akanitazama mimi, akasema haya.

Nikafungua tovuti. Fomu hii hapa. Kitufe kimeandikwa Chagua faili. Nikabonyeza.

Mama yangu! Folda zangu zote zikajitokeza kwenye skrini, ndani ya ukurasa wa hospitali! Picha za mpira. Barua ya kumlalamikia jirani na jogoo wake. Na ile folda niliyoiita Siri za Shemeji! Madaktari wote wanasoma! Nikatupa kitambaa cha kupigia pasi juu ya skrini, tena kibichi, nikachomoa waya ukutani. Mke wangu akauliza kuna nini. Nikasema umeme unacheza.

Jumanne, 4 Machi

Kamba kaja kunywa chai. Hakualikwa. Kaja na suruali yake ya mikutano nimpigie pasi, atapitia Ijumaa kuichukua. Kwenye mikutano ya maji mnavaa mpaka suruali yenye mstari? Nimeitundika nyuma ya mlango.

Nikamuuliza juujuu, kama vile namuulizia rafiki, kwamba mtu akibonyeza Chagua faili wenye tovuti wanaona nini. Akasema hawaoni chochote. Akaegemea kiti, akaanza kunifundisha kwa ile sauti yake. Namchukia mtu huyu, lakini alichokisema nimekikubali.

Kumbe lile dirisha si la hospitali! Ni la kivinjari, yaani hiyo programu tunayofungulia tovuti, kikisaidiana na kompyuta yangu mwenyewe. Ukurasa wa hospitali unabisha hodi tu na kuomba faili. Kivinjari kinauacha mlangoni, kinanichukua mimi mwenye nyumba mpaka stoo na kuniambia nichague. Nikichagua moja, kinatoka na hilo moja. Nikighairi, mgeni anaambiwa hakuna kitu, na hatajua stoo ina nini wala rafu ziko ngapi.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa nikinyoosha kola. Nina ndugu wa damu ambao hawawezi hivyo. Ukimtuma mmoja chumbani kwako akakuletee miwani, anarudi na miwani na habari. Kivinjari nimekivulia kofia.

*Jioni.* Nimepata wazo. Wazo zito! Picha ikifika hospitalini, wataona tu picha. Lakini je, wakiona imetoka wapi? Nimetengeneza folda na kuiita Washonaji Bora wa Taifa. Ndani yake nyingine, Chaguo la Madaktari Bingwa. Ndani yake nyingine tena, Hakuna Kama Huyu Mama. Humo ndani nikaweka picha ya gauni la zamani, kwa majaribio. Wakisoma ile njia yote mpaka wafike kwenye picha, watakuwa wameshapiga magoti.

Nikachagua. Fomu ya hospitali ina kawaida ya kurudia ilichoambiwa na kivinjari, chini ya kitufe. Nikavaa miwani nisome sifa zetu. Zote zimefutwa! Hakuna Taifa, hakuna Madaktari Bingwa. Kimebaki jina la picha, na mbele yake maneno ya Kizungu kwamba njia yangu ni ya bandia. Bandia! Mimi? Nimejenga folda kwa mikono yangu halafu naitwa tapeli ndani ya nyumba yangu!

Nikampigia Kamba. Kwa niaba ya rafiki. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kivinjari hakimtukani mtu. Zamani vivinjari vingine vilikuwa vinataja njia nzima, na njia inasema mengi: jina la mwenye kompyuta, folda za ugonjwa wake, mambo ya nyumbani kwake. Siku hizi kinaficha njia yote, na ukurasa uking'ang'ania kuambiwa, kinautajia njia ya uongo, ileile kwa kila mtu, tajiri na maskini.

Kumbe nimepata mtu anayejua kudanganya kwa heshima. Halafu nikakumbuka Siri za Shemeji. Usione vyaelea, vimeundwa.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya picha. Nani avae gauni? Lile sanamu letu la kupimia halina mikono. Mke wangu lazima ashike simu apige. Mama mkwe aliposogezewa gauni alisema yeye ameshaonwa vya kutosha, akaondoka. Nikabaki mimi.

Nimevaa. Mbele sawa. Mke wangu akaniambia nigeuke. Nikageuka. Akaniambia nitembee mpaka mlangoni. Nikatembea. Akaangusha kibobini cha uzi sakafuni, akaniambia niokote. Nikamwambia mimi ni Mkurugenzi. Akasema Mkurugenzi aokote uzi. Nikainama, na kwa mwili wangu huu kuinama si jambo la kuficha. Gauni likainama nami. Halikufunguka hata kidogo! Mke wangu amelikata likajikunja nyuma mara mbili kama kanga iliyofungwa vizuri. Lo, yule mwanamke ana mikono! Nimeoa.

Nikageuka, nikamkuta mama mkwe mlangoni. Amesimama muda gani sijui. Hakucheka. Akasogea, akashika pindo, akalivutavuta kwa nguvu kama anagombana nalo. Akasema kwamba fundo la kamba liko mgongoni, na mgonjwa analalia mgongo. Akaenda zake jikoni.

Sasa tuzungumze kiume. Picha zile hazitoki nyumba hii. Tumbo langu mbele, na nyuma... Wahenga walisema nyani haoni kundule. Mimi nimeliona, limejaa simu nzima. Mke wangu alipokwenda kununua uzi nilitundika gauni kwenye kiango cha nguo, nikalipiga picha za heshima, mbele na nyuma. Hizo ndizo zitakazotumwa. Yeye ataambiwa baadaye, au asiambiwe.

Nikaweka picha zote kwenye kompyuta, nikajaza fomu kwa majaribio. Maelezo nimeandika mimi, marefu, yanaanzia historia ya pamba. Nikachagua picha mbili za kiango, nikabonyeza Tuma. Fomu ikarudi. Eti nimesahau namba ya simu! Nikatazama: maneno yangu yapo yote, pamba yangu ipo, lakini visanduku vya picha vitupu! Hakuna faili lililochaguliwa. Nimechagua sasa hivi, na mikono yangu hii! Nikakipiga kisanduku cha kompyuta kofi.

Nilipotulia nikaelewa mwenyewe, bila Kamba. Maneno ukurasa unaweza kuyarudisha mahali pake. Faili hauruhusiwi. Kama ukurasa ungeweza kukijaza kisanduku kile wenyewe, leo ungerudisha picha yangu, kesho ungeandika humo Siri za Shemeji na kuondoka nazo nikiwa nacheka tu. Kwa hiyo kivinjari kimekataa. Kisanduku kile hakijazwi na mtu mwingine ila mwenye nyumba, kwa mkono wake, kila safari upya. Nimekiomba radhi kwa lile kofi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mke wangu ameshika neno la mama yake. Amefumua gauni zima! Kamba za kufungia anazihamishia ubavuni, mgonjwa asilalie fundo. Nikamwambia mwisho ni kesho. Akasema anajua kalenda. Pini zilikuwa mdomoni, sikutaka kubishana.

Picha zote za jana si kitu tena. Nani hapa anafikiria mbele? Ni mimi. Nimesikia siku ya mwisho tovuti kama hizi hujaa watu mpaka zinakwama. Dawa yake ni kushika foleni. Kwenye bomba la maji mtu anaweka ndoo yake, anaondoka, akirudi nafasi ipo. Nimefanya hivyohivyo. Nimejaza fomu, safari hii na namba ya simu, nikachagua zile picha za kiango za jana. Sikutuma! Nimeiacha wazi. Kesho gauni likiisha, napiga picha mpya, naziweka palepale kwa majina yaleyale juu ya zile za zamani, halafu nabonyeza Tuma. Kivinjari kitabeba mpya kikidhani ni zilezile. Nakipenda sana, lakini hata rafiki unamzunguka kidogo.

Nimebandika karatasi kwenye skrini: MSIGUSE, MKURUGENZI ANASHIKA FOLENI.

Mama mkwe ameuliza kama kweli hospitali itasoma. Aliuliza akiwa anamenya viazi, bila kuinua macho. Nikamwambia aniachie mimi. Akamenya viazi vingi kuliko tunavyohitaji.

Ijumaa, 7 Machi

Leo niandike upesi, yalikuwa mengi.

Gauni limeisha mchana. Zuri! Fundo dogo, kamba za kufungia ubavuni, mgongo laini. Mke wangu akanivalisha tena, akanipiga picha tena, nikaokota kibobini tena. Nikamwambia akapumzike, mengine niachie. Akaenda kunawa macho, maana hakulala vizuri. Harakaharaka nikatundika gauni kwenye kiango, nikapiga zangu, nikaziweka juu ya zile za zamani kwa majina yaleyale. Zile za mwilini nikazitupia folda hiyohiyo, nitazifuta baadaye. Nikawasha pasi nishughulikie suruali ya Kamba, maana mtu mwenye akili hufanya mambo mawili kwa pamoja. Nikabonyeza Tuma.

Kivinjari kikakataa! Ukurasa wa kijivu. Kinasema faili limebadilika tangu lilipochaguliwa, hivyo hakilitumi. Salale! Kilijuaje? Nilichagua jana, kikakariri. Kikaangalia kilichoko leo, kikaona sicho nilichokiridhia. Ndoo ileile, maji mengine, nacho kikagoma kuibeba. Ningekuwa na mwajiriwa wa namna hiyo ningemwogopa.

Lakini saa kumi imepita! Nikarudi nyuma, fomu imejaa maneno nusu, visanduku vitupu. Jasho. Nikasoma pembeni ya kisanduku kwamba waweza pia kuburuta faili na kulidondosha hapo. Nikaburuta. Mkono ukateleza. Picha ikadondoka kando ya kisanduku, na kivinjari, kwa utii wake, kikadhani nataka kuitazama. Fomu ikatoweka! Pamba yote ikatoweka! Mahali pake, skrini nzima, nikatokea mimi. Si kiango. Mimi. Kwa nyuma. Nimeinama, naokota kibobini.

Mke wangu alikuwa ameshaingia, na mama yake nyuma yake. Nilitaka sakafu ipasuke. Mke wangu akaitazama ile picha, akaitazama, kichwa upande, kama anavyotazama mshono kabla ya kukata uzi.

Ndipo mama mkwe akauliza nini kinanuka.

Pasi! Nikaruka. Suruali ya Kamba, goti la kulia, alama nzima ya pasi, mpaka umbo la ncha! Nikaikimbiza bombani, nikaimwagia maji, nikaipuliza, nikaikunja ule upande usionekane. Niliporudi mke wangu amekaa kwenye kiti changu. Kwenye skrini imeandikwa Imepokelewa. Saa kumi na moja ilikuwa haijagonga.

Nikamuuliza ametuma zipi. Akasema zinazofaa. Nikashusha pumzi. Yeyote mwenye macho angechagua za kiango.

Kamba alikuja kuchukua suruali. Sitaki kuandika juu ya hilo.

Jumapili, 9 Machi

Kamba anadai suruali mpya. Nimemwambia alama ile ni mtindo, vijana wananunua. Dada yake akaniangalia, nikaenda kumimina chai.

Nyumba imepoa. Mke wangu amesafisha meza ya kukatia. Amepanga mikasi kwa urefu, amefunga sindano zake kwenye kopo la kahawa alilokuwa akienda nalo kiwandani. Nikamuuliza kopo la nini, jibu halijaja. Akasema hata lisipokuja, mifuko itataka sindano. Akacheka kidogo. Sikupenda kile kicheko. Nimemwambia mimi nina imani. Kweli ninayo, ila sikumwambia ni kiasi gani.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna kitu. Bosi wa kiwanda kapiga simu, anauliza kama aweke kiti. Mke wangu akamwambia asubiri mpaka Ijumaa. Baada ya simu akashona kifungo kwenye shati ambalo halikupungukiwa kifungo.

Nikafungua kompyuta kuangalia kama hospitali imeandika. Bure. Nikafungua fomu ile tupu, nikabonyeza Chagua faili, dirisha likafunguka, nikabonyeza Ghairi. Likafunga kimya, bila kuniuliza ninatafuta nini. Nikafanya hivyo mara kadhaa. Linaliwaza.

Alhamisi, 13 Machi

Wamepiga!

Muuguzi mkuu mwenyewe! Mke wangu aliweka simu kwa sauti juu ya meza, tusikie sote. Yule mama ana sauti ya kuamrisha wodi tatu. Akasema wamepokea magauni mengi. Kwenye viango. Juu ya meza. Kwenye sanamu za plastiki zenye viuno kama nyigu. Mazuri yote, lakini nguo ikiwa haina mtu ndani itakwambia nini? Ni fundi mmoja tu aliyetuma gauni likiwa na mtu ndani, tena mtu mwenye mwili wake, ameinama mpaka chini anaokota kitu, na bado amesitirika. Wamechapisha picha hiyo kubwa, wakaibandika kwenye chumba cha mkutano. Hawakuhitaji kubishana. Gauni limepita, mke wangu atashona ya wodi zote.

Nikaitazama ile simu. Mtu? Ameinama?

Muuguzi mkuu akasema kilichomaliza kabisa ni maelezo. Wengine waliandika kurasa. Huyu aliandika mstari mmoja, nao muuguzi akatusomea: "Nimelishona ili mama yangu aweze kutembea katikati ya korido."

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na mlango. Akainuka. Nikadhani anaondoka kama kawaida yake. Akaja mpaka kwenye meza, akainamia simu, akauliza hayo magauni yatakuwa tayari lini, maana ana siku ya kurudi kuonwa na daktari. Mke wangu akaziba uso kwa futi ya kupimia na kulia. Mama yake akawa anampapasa mgongo, anamwambia basi, basi, fundi halii juu ya kitambaa, kitaingia maji.

Walipotulia nikakumbuka kukasirika. Nikamuuliza mke wangu ina maana hospitali nzima imeuona mgongo wangu? Ukutani? Umechapishwa mkubwa? Na zile za kiango zilikuwapo palepale, kando yake! Akapangusa macho. Akasema dirisha lilipofunguka aliziona zote, za kiango, za mpira, na Siri za Shemeji pia, ambayo tutaizungumza. Akasema wao hawakuona hata moja ya hizo. Waliona kile tu alichowapa kwa mkono wake. Na katika vyote vilivyomo humo ndani, alinichagua mimi.

Nikaenda kuwasha jiko la chai. Nimesimama pale mpaka maji yakachemka yakapungua.

Jumamosi, 15 Machi

Mambo safi. Kopo la kahawa limerudi rafuni. Robota za kitambaa zimefika, karakana haina pa kukanyaga. Mama mkwe anakata kamba za ubavuni mwenyewe, hataki kusaidiwa, na jana alitembea sebuleni na gauni la kwanza, huku na huku, katikati ya zulia.

Na mimi nimewaza. Wanashangilia gauni, sawa. Lakini gauni lilikuwa juu ya nani? Tuseme ukweli. Mgongo huu umeshinda mashindano. Nimetafuta kwenye mtandao, nikakuta kampuni inayotafuta watu wa kupigwa picha za matangazo ya nguo. Fomu ipo! Picha moja ya mbele, moja ya nyuma. Tumbo nitalipunguza kwanza, siwezi kuwapa hili la leo. Lakini nafasi zisije zikaisha! Kwa hiyo nimeshika foleni. Nimechagua picha zilizopo, sijatuma, nimeiacha fomu wazi. Mwezi ujao nikishakonda nitaweka mpya palepale kwa majina yaleyale. Safari hii kivinjari hakitakataa, sasa tunajuana. Picha nimeziweka kwenye folda niliyoiita Mgongo wa Taifa, wakiona njia yake waanze kutandika zulia.

Siri za Shemeji nimelazimishwa kuifuta. Nimefungua nyingine, inaitwa Mapishi.

Kamba kapita na suruali nyingine ya mikutano. Mpya, lebo bado inaning'inia. Hakutaka kuniachia, dada yake ndiye aliyemwambia aniamini. Nimemhakikishia. Pasi nimeshaiweka juu ya goti la suruali ishike moto vizuri wakati namalizia kuandi

Nini kinanuka?